Kijana Aliyepewa Meza Katika Chumba cha Nzi

Msomaji, ukiacha ndizi mbivu mezani kwa siku mbili tatu bila kuzifunika, huna budi kuwaona nzi wadogo mno wakizizunguka. Si wale nzi wakubwa wa jaani wanaojulikana na kila mtu. Hawa urefu wao ni kama milimita 3 tu, mwili wao una rangi ya mchanga, na ukiwatazama kwa karibu utaona ya kuwa macho yao ni mekundu kama makaa. Hawaumi mtu wala hawaharibu nguo. Mpishi huwapungia mkono wakaruka, na habari yao ikaishia hapo. Wataalamu huwaita Drosofila. Asili yao ni bara letu hili la Afrika, kusini ya jangwa la Sahara, na kutoka huku walimfuata mwanadamu na matunda yake mpaka wakaenea karibu duniani kote.

Nataka kukusimulia habari za vijana wachache ambao, kabla hawajapata shahada yo yote, waliwatazama nzi hao kwa makini kuliko mpishi, na kwa sababu hiyo majina yao yamo katika historia ya elimu. Nimeichagua habari hii kwa kuwa wanafunzi wengi wa shule zetu hudhani utafiti ni kazi ya wazee wenye mvi. Hudhani ya kuwa mtu hana budi kwanza asome miaka mingi, apate shahada ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, ndipo apewe ruhusa ya kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kitabuni. Dhana hiyo ina haki yake. Mganga asiyemaliza masomo hafai kukabidhiwa kisu. Lakini kuuliza si sawa na kupasua, na utaona sasa jinsi mwanafunzi wa shahada ya kwanza alivyolipata kwa usiku mmoja jibu ambalo mwalimu wake mashuhuri hakuwa amelifikia.

Mwaka 1904 Chuo Kikuu cha Columbia katika mji wa New York, Marekani, kilimwita mtaalamu wa wanyama aitwaye Thomas Hunt Morgan. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1866, mwaka ule ule ambao mtawa Gregor Mendel alipiga chapa matokeo ya majaribio yake ya njegere huko Ulaya ya kati. Kazi ya Mendel ilisahauliwa mpaka mwaka 1900, ndipo wataalamu walipoifufua wakaanza kusema ya kuwa sifa za wazazi huwafikia watoto kwa kanuni zinazoweza kuhesabiwa. Morgan hakuyameza maneno hayo upesi. Alikuwa mtu asiyeamini jambo ila ameliona katika jaribio, na kwa muda mrefu aliyatilia shaka mafundisho ya Mendel, kadhalika na mafundisho ya wale waliosema ya kuwa urithi wote umo katika kromosomu, yaani vile vijiuzi vinavyoonekana kwa hadubini ndani ya chembe hai.

Akatafuta kiumbe wa kufanyia majaribio. Ng'ombe huzaa polepole, na hata panya hukawia. Nzi wa ndizi, kinyume chake, hutoka katika yai akawa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hadi 12, na jike mmoja huweza kutaga mayai mamia. Hula ndizi iliyosagwa, na nyumba yake ni chupa. Ni kiumbe wa gharama ndogo, na naomba uliweke jambo hilo moyoni, maana bila ya unafuu huo sidhani kama wanafunzi wangalikaribishwa kumchezea. Morgan aliwafuga nzi hawa karibu miaka miwili akitumaini kuona mabadiliko ya dhahiri, asiyapate. Ilifika siku alipomwonyesha mwenzake mgeni zile chupa na kumlalamikia ya kuwa kazi yote hiyo imepotea bure.

Kisha, mwaka 1910, akatokea katika chupa dume mmoja mwenye macho meupe. Morgan akamwoza (nasema akamwoza, kwa kukosa neno lingine la heshima) kwa majike wenye macho mekundu. Katika watoto wao 1,240, watoto 1,237 walikuwa na macho mekundu. Akawaoza hao mmoja kwa mwenzake, na katika wajukuu akahesabu majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu, na madume 782 wenye macho meupe. Jike mwenye macho meupe hakuwako hata mmoja. Hapo yule mwenye shaka akaanza kushawishika. Ikiwa weupe wa macho hufuatana na udume kwa namna ile, basi chanzo cha weupe huo hapana budi kimo pamoja na kile kinachoamua udume na ujike, nacho, kama Bibi Nettie Stevens alivyokwisha kuonyesha tangu mwaka 1905 kwa wadudu wengine, ni kromosomu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakiendelea katika chumba namba 613 cha jengo la Schermerhorn. Usikifikirie kuwa chumba cha fahari. Upana wake ulikuwa kama mita 5 na urefu wake kama mita 7, na ndani yake zilibanwa meza nane. Kila mahali palijaa chupa za maziwa za nusu painti, kila chupa na jamaa yake ya nzi. Hewa ilinuka ndizi zilizochacha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nzi hulazwa kwa dawa ya usingizi iitwayo etha, humwagwa juu ya kibao cheupe, hutengwa mmoja mmoja kwa brashi ndogo, wa aina hii upande huu na wa aina ile upande ule, kisha huhesabiwa na hesabu ikaandikwa. Kesho vivyo hivyo. Mtondo vivyo hivyo. Wenyewe walikiita Chumba cha Nzi, na jina hilo likakigandama.

Sasa tumtazame kijana wetu. Alfred Henry Sturtevant alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Illinois, kitinda mimba wa watoto sita. Alipokuwa na miaka saba jamaa yake walihamia Alabama, na baba yake akawa mkulima. Katika shamba lile mlikuwa na farasi wa mashindano, na mtoto akashikwa na tabia ya kuandika nasaba zao: huyu ni mwana wa yule, rangi yake ni hii, mama yake alikuwa wa rangi ile. Hakuna mwalimu aliyempa kazi hiyo, wala hapakuwa na mtihani wa nasaba za farasi.

Mwaka 1908, akiwa na miaka 16, aliingia Columbia. Aliweza kwenda kwa sababu kaka yake mkubwa, Edgar, alikuwa akifundisha Kilatini na Kigiriki katika Chuo cha Barnard kilicho jirani, naye akamweka nyumbani kwake. Huko kijana akasoma kitabu kidogo juu ya mafundisho ya Mendel. Alipokuwa akisoma, mawazo yake yakawarudia farasi wa baba yake. Akaona ya kuwa kanuni za Mendel zaweza kuzieleza baadhi ya rangi zile alizokuwa akiziandika tangu utotoni. Akamwambia kaka yake. Edgar, ambaye hakuwa mtu wa elimu ya viumbe, hakumwambia asubiri mpaka amalize masomo. Alimwambia aandike makala, kisha ampelekee Bwana Morgan.

Yafaa tusimame kidogo hapa. Sturtevant hakwenda kwa Morgan mikono mitupu akasema, "Bwana, nataka kuwa mtafiti." Alikwenda na karatasi mkononi, na katika karatasi hiyo mlikuwamo jambo alilolitazama mwenyewe kwa miaka mingi. Morgan akaisoma, akamhimiza aipige chapa, nayo ikatoka mwaka 1910 katika jarida la wataalamu. Kisha akampa meza katika Chumba cha Nzi. Mwanafunzi yule alikuwa bado anahudhuria masomo ya kawaida na wenzake. Tena alikuwa na kasoro ya macho: hakuweza kutofautisha baadhi ya rangi, jambo ambalo ungedhani lingemfungia mlango mtu wa kazi ya kutenga nzi kwa rangi za macho.

Kijana wa pili aliingia kwa mlango mwingine. Calvin Bridges alizaliwa mwaka 1889 katika jimbo la New York, akafiwa na mama na baba angali mtoto mchanga, akalelewa na bibi yake. Shule aliipata kwa taabu, na masomo ya sekondari aliyamaliza akiwa na miaka kama 20. Alipofika Columbia mwaka 1909 alihitaji fedha, akapewa kazi ya kuosha chupa za nzi. Siku moja, alipokuwa akishika chupa iliyongoja kuoshwa, aliona kupitia kioo kinene cha chupa ile nzi mmoja ambaye macho yake yalikuwa mekundu ya namna nyingine, yenye kung'aa kupita wenzake. Hakutumia hadubini wala kioo cha kukuzia. Morgan akashangaa, akamtoa katika kuosha chupa, akamfanya msaidizi wake katika utafiti. Mimi nami nilipokuwa mwanafunzi niliosha chupa za maabara muhula mzima, na kitu pekee nilichokiona ni kwamba maji ya mfereji wetu yalikuwa ya baridi.

Jinsi vijana hawa wawili walivyomfahamu Morgan ni jambo la bahati, wala sitalificha. Morgan alikaa Columbia miaka 24, na katika miaka yote hiyo mara moja tu alitoa mihadhara ya mwanzo katika somo la elimu ya wanyama kwa wanafunzi wapya. Ilikuwa mwaka wa masomo wa 1909. Sturtevant na Bridges wote wawili walikuwamo darasani. Wanafunzi wa miaka mingine, ambao bila shaka walikuwamo wenye akili kama wao, hawakuipata nafasi hiyo.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Ulikuwa mwishoni mwa mwaka 1911, na Sturtevant alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Kufikia wakati huo sifa kadhaa mpya za nzi zilikwisha kuonekana zikifuatana na udume na ujike kama yale macho meupe: mwili wa manjano, macho ya wekundu unaong'aa, mabawa mafupi, na mabawa yasiyokamilika. Kwa hiyo chanzo cha kila mojawapo, ambacho leo twakiita jeni, kilikuwa katika kromosomu ile ile moja. Lakini ziko wapi humo ndani?

Fikiri shanga zilizotungwa katika uzi. Jike wa nzi ana nyuzi mbili za namna hiyo, mmoja kutoka kwa mama yake na mmoja kutoka kwa baba yake, na kila ushanga katika uzi huu una mwenzake katika uzi ule. Kabla mayai hayajakamilika, nyuzi hizi mbili hulala ubavu kwa ubavu, hukatika pamoja, na hubadilishana vipande. Mwaka ule ule wa 1911 Morgan alikuwa amekwisha kusema ya kuwa shanga zilizo karibu hutengana kwa nadra, na shanga zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi. Ni sawa na kukata kamba kwa kubahatisha ukiwa umefumba macho: fundo mbili zilizo kwenye ncha mbili ni rahisi kisu kupita kati yao, lakini fundo mbili zilizogusana ni shida.

Sturtevant alikuwa akizungumza na Morgan juu ya mambo hayo, na katikati ya mazungumzo akatambua jambo. Kama wingi wa kutengana watokana na umbali, basi wingi huo waweza kuwa kipimo. Mtu akihesabu watoto ambao sifa zao mbili zimetengana, amepata urefu kati ya jeni mbili ingawa hakuna jicho lililopata kuziona. Akazichukua hesabu za maabara akaenda nazo nyumbani. Kama alivyoandika mwenyewe baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya historia ya elimu ya urithi, alikesha sehemu kubwa ya usiku akifanya kazi hiyo, na mazoezi ya masomo yake mengine akayaacha. Kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya kromosomu iliyopata kuchorwa duniani.

Yatazame mwenyewe mahesabu yalivyo, kama alivyoyapiga chapa mwaka 1913. Mwili wa manjano na macho meupe vilitengana mara 214 tu kati ya nzi 21,736, yaani karibu 1 katika kila 100. Macho meupe na macho ya wekundu unaong'aa vilitengana mara 471 kati ya nzi 1,584, yaani 29.7 katika kila 100. Sasa, ukitoka Mombasa kwenda Voi, na ukitoka Voi kwenda Nairobi, jumla ya safari zako mbili ni umbali wa Mombasa na Nairobi, maadamu miji hiyo mitatu iko katika njia moja ya reli. Basi ikiwa jeni nazo zimepangana katika mstari mmoja, manjano na wekundu wa kung'aa hazina budi kutengana kama mara 30.7 katika kila 100. Walipohesabiwa nzi wenyewe, 4,551, jibu lilikuwa 32.2. Si sawasawa kabisa, lakini ni karibu mno kuwa jambo la bahati.

Kwa njia hiyo akapanga jeni sita mahali patano, maana mbili kati yake zilikuwa mahali pamoja: manjano kwenye 0, meupe kwenye 1.0, wekundu wa kung'aa kwenye 30.7, mabawa mafupi kwenye 33.7, na mabawa yasiyokamilika kwenye 57.6.

Mwanafunzi mwangalifu ataniuliza: je, zile ncha mbili, manjano na mabawa yasiyokamilika, zilipopimwa moja kwa moja zilitoa 57.6? La. Zilitoa chini ya 38. Mtu mwoga angaliificha hesabu hiyo, na mtu mwenye kukata tamaa angaliitupa ramani yote. Sturtevant aliiweka wazi katika makala yake akaieleza. Jeni zikiwa mbali sana, nyuzi huweza kukatika mahali pawili kati yao. Kukatika mara ya kwanza huzitenga, na kukatika mara ya pili huzirudisha pamoja, hata mwenye kuhesabu asijue ya kuwa kuna lililotokea. Ni kama mtu aliyetoka nyumbani usiku akarudi kabla wenyeji hawajaamka. Kwa hiyo masafa marefu yakipimwa kwa mkupuo mmoja hupungua, na ni bora kuyapima kwa vipande vifupi na kuvijumlisha. Katika kazi yote ya kijana yule, mimi naistahi sehemu hii kuliko ramani yenyewe.

Makala ilitoka kwa jina lake peke yake. Hesabu nyingine zilikuwa za Morgan na za watu wengine wa chumba kile, na wazo la umbali lilikuwa la Morgan, lakini mwalimu hakulitia jina lake juu ya kazi ya mwanafunzi. Katika chumba kile kila mtu alikuwa na majaribio yake, na kila mtu alijua wenzake wanafanya nini, na mazungumzo hayakukoma tangu asubuhi mpaka jioni. Bridges naye hakubaki nyuma. Aliwafuatia nzi wachache waliokwenda kinyume cha kanuni, majike wenye macho meupe ambao kwa hesabu hawakupasa kuzaliwa. Akatabiri ya kuwa majike hao wana kromosomu moja zaidi, akatazama kwa hadubini, akaikuta. Habari hiyo ndiyo makala ya kwanza kabisa katika toleo la kwanza la jarida la elimu ya urithi lililoanzishwa Marekani mwaka 1916.

Lakini nisikuchoree pepo. Alikuwako kijana wa tatu, Hermann Muller, aliyezaliwa mwaka 1890 mjini New York. Alikuwa ameingia Columbia mwaka mmoja kabla ya Sturtevant, na huko akaanzisha pamoja na wenzake chama cha wanafunzi cha kuzungumzia elimu ya viumbe. Muller hakuwa na kaka wa kumpa chumba na chakula. Alipopata shahada ya kwanza mwaka 1910 ilimbidi atafute fedha kwa kazi za nje, na kwa miaka kadhaa alikuwa akija kwenye Chumba cha Nzi kama jamaa ajaye karamuni bila sahani yake. Alikuja, akazungumza, akatoa mawazo mengi, na wengine wakayafanyia majaribio kwa kuwa wao walikuwa na meza na saa za kutosha. Maisha yake yote aliona ya kuwa hakutajwa kama alivyostahili. Wenzake walilijibu neno hilo kwa kusema ya kuwa kwao lililokuwa na thamani ni jaribio lililofanywa, si wazo lililosemwa. Nimezisoma pande zote mbili, na naona Muller alikuwa na haki zaidi ya waliyomkubalia. Wazo likisemwa mbele ya watu wanane katika chumba chembamba ni rahisi kusahau lilitoka kinywa gani, na anayesahauliwa kwanza ni yule asiyekuwapo kesho yake kwa sababu amekwenda kutafuta riziki. Mwaka 1946 Muller alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua ya kuwa miali ya eksirei hubadili jeni, kazi aliyoifanya mbali na Columbia, kwa nzi wale wale.

Wako wengine ambao hata kwa kusimama mlangoni walizuiwa. Chuo cha Columbia kwa shahada ya kwanza hakikuwapokea wanawake mpaka mwaka 1983. Mke wa Morgan mwenyewe, Bibi Lilian Morgan, alikuwa mtaalamu wa viumbe kabla ya kuolewa. Baada ya kuwalea watoto wake wanne alirudi maabara, na mwaka 1922 alitangaza ugunduzi mkubwa wa kromosomu mbili zilizoungana katika jike wa nzi. Alifanya kazi hiyo bila cheo wala mshahara. Cheo cha kazi alikipata mwaka 1946, mumewe alipokwisha kufa.

Mwaka 1915 Morgan, Sturtevant, Muller na Bridges walitoa kitabu kimoja kwa pamoja, na kitabu hicho kikawashawishi wataalamu wa nchi nyingi kuyakubali mafundisho ya kromosomu. Mwaka 1928 Morgan alihamia California katika taasisi iitwayo Caltech, akawachukua Sturtevant na Bridges pamoja naye. Mwaka 1933 alipewa Tuzo ya Nobel. Tuzo ilikuwa ya mtu mmoja, lakini fedha zake aliwagawia watoto wake, na watoto wa Bridges, na watoto wa Sturtevant, ili ziwasaidie katika masomo.

Bridges alifariki mwaka 1938, Morgan mwaka 1945, na Sturtevant mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha hapa Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Kwa hiyo mtoto wa Kenya mwenye kupenda wadudu hahitaji kuvuka bahari ili aone mahali ambapo watu hukaa mchana kutwa wakihesabu viumbe wenye mabawa.

Na ramani ya usiku ule? Tangu mwaka 2000 wataalamu wanayo orodha ya karibu herufi zote za urithi wa nzi wa ndizi, na waweza kusema kila jeni iko wapi bila kuoza nzi hata mmoja. Walipofanya hivyo, manjano ilikuwa kwenye ncha, meupe karibu yake, kisha wekundu wa kung'aa, kisha mabawa mafupi, kisha mabawa yasiyokamilika, kwa mpango ule ule. Nzi wa ukoo wa yule dume wa mwaka 1910 wangali wanafugwa katika jimbo la Indiana, Marekani, kizazi baada ya kizazi, katika chupa ndogo, na maabara yo yote ikiandika barua kuwaomba hupelekewa. Macho yao bado ni meupe.